Mawe ya Bibi Nurjahan

Katika Kahama nzima, nani anajua maji kama mimi? Mtaje. Usiniletee wale wa mikokoteni ya madumu wa Nyasubi, wala fundi wa bomba anayekuja na miwani ya jua kama anakwenda harusini. Mimi Ngusa nina kidato cha nne, Baiolojia nilipata C ya jasho langu, tena nilikaa misimu miwili mwaloni Nyarugusu nikiosha mchanga wa dhahabu. Maji yakipita mbele yangu nilikuwa najua yamebeba nini kabla hayajafika chini. Kwa hiyo mzee Badrudin aliponichukua nimtunzie bahari yake, hakubahatisha. Ndivyo nilivyokuwa nasema, na niliwaambia watu wengi, wengine bila kuniuliza.

Ndiyo, bahari. Mzee Badrudin anakaa ghorofani, juu ya duka lake la vipuri vya pampu na karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo refu kuliko kitanda changu. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi yaliyosafiri karibu kilomita elfu moja kutoka pwani yakiwa kwenye madumu ya bluu, mawe ya baharini yaliyopangwa kama pango, matumbawe laini yaliyofunguka taa ikiwashwa na kujikunja ikizimwa, na samaki watatu. Wateja waliokuja kununua mkanda wa karasha walikuwa wanaomba wapande ngazi wakaone. Mmoja kutoka Geita aliangalia nusu saa nzima, kisha akauliza wanaliwa na ugali au wali.

Tangi lilikuwa la mama yake mzee, Bibi Nurjahan. Bibi alikulia Lindi. Miguu yake iligoma miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kiti chake kiligeuzwa kikatazama kioo. Wajukuu zake saba wako ng'ambo na wazazi wao. Hata mke wa mzee yuko huko huko na watoto. Kila samaki aliyeingia Bibi alimpa jina la mjukuu. Yule wa bluu mwenye mkia wa njano, mkorofi, alikuwa Zahid. Wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe alikuwa Mehjabin. Na kale kadogo keusi kenye madoa meupe, kasikopendeza, alikuwa Kulsum, mjukuu ambaye hapigi simu.

Mtu wa nne ndani ya nyumba alikuwa Asteria, Mama Luka, Msumbwa wa Bukombe, miaka kumi na miwili hapo. Ndiye aliyekuwa anamwogesha Bibi, anamnyanyua, anamsuka nywele, na anajua mgongo ukikunwa upande gani Bibi anasinzia. Mshahara wake ndio uliomweka Luka chuoni. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nasema tu nilikuwa nalijua.

Sheria za mzee zilikuwa tatu, na siku ya kwanza alinisomea kama anasoma hati ya kiwanja.

"Moja, samaki anaingia mmoja mmoja. Akiingia, unapima maji wiki tano, ndipo aje mwingine. Mbili, maji yakipungua unaongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipai, inabaki. Tatu, mawe usiyaguse."

"Lakini bosi, mawe yenyewe machafu hivi? Yana ukungu wa kahawia kama meno ya mvuta tumbaku."

"Huo uchafu ndio unaosafisha maji. Samaki anakojoa, wadudu wadogo wa kwenye jiwe wanaumaliza ule mkojo. Ukiwaua wadudu, samaki anaogelea kwenye mkojo wake mpaka afe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Sikuelewa. Nilicheka kimoyomoyo. Nyarugusu jiwe chafu linaoshwa, linasuguliwa, linageuzwageuzwa juani, ndipo linasema lina nini. Uchafu unaosafisha! Nikaona Wahindi wana mambo.

* * *

Siku kumi kabla ya Idi mzee alisafiri kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Aliacha agizo la samaki mmoja tu, aje na Marselino, dereva wa lori la makontena anayetuletea maji ya bahari mpaka Isaka.

Bibi hakufurahi. Alikuwa amekaa na shali lake la zambarau, Asteria nyuma yake akimchana nywele.

"Mmoja," alisema. "Siku ya Idi watapiga simu wote saba, na video. Zahid atajiona, Mehjabin atajiona. Huyu wa nne atajiona. Watatu waliobaki niwaambie nini? Kwamba Bibi yao hakuwa na nafasi?"

"Bibi, wapo wengine huku hawana hata picha ukutani," Asteria akasema, akicheka.

"Wewe nyamaza, Mama Luka. Wako anakuja kila likizo."

Sasa hapo mtu mwenye akili angetoka sebuleni kimya kimya. Mimi nikapiga goti mbele ya kiti, nikashika mkono wa kiti kama mchumba.

"Bibi, kabla mwezi haujaandama, wote saba watakuwa ndani ya kioo hiki. Niite mwongo."

"Badru atakubali?"

"Bosi niachie mimi. Hili tangi linaweza kubeba samaki thelathini na bado wakapata pa kuchezea mpira."

Bibi alinishika shavu. Mikono yake ilikuwa laini, inanukia mafuta ya nazi. "Dikra," akaniita, neno ambalo kwao mtu anamwitia mwanawe. Toka nimeondoka kwetu Shinyanga hakuna aliyenishika shavu. Nikashuka ngazi mbili mbili, nikampigia Marselino.

"Bosi kasema wanne, si mmoja," nikamwambia.

"Wanne kwa mkupuo? Yule mvuvi wa Kunduchi anayetuuzia samaki huwa anasema mmoja mmoja."

"Mvuvi anajua kuvua. Kutunza tunajua sisi."

Hela ya wale watatu wa ziada ilikuwa yangu, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya viatu vya sikukuu. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba sikuiba. Ndicho kitu pekee katika habari hii ambacho sikukifanya.

Siku moja kabla ya kwenda Isaka niliona tangi haliendani na ugeni. Samaki wanne wapya, watatu wa hela yangu, waje wakae kwenye mawe yenye ukungu? Na wajukuu waangalie kwenye simu waone Bibi yao anaishi mbele ya uchafu? Nikawahamishia wale watatu kwenye ndoo, nikayatoa mawe yote, nikayapeleka uani kwenye bomba. Bomba letu ni maji ya ziwa, yana dawa mpaka yananukia. Nikachukua brashi ya kufulia. Nikaegemeza simu kwenye ndoo ijirekodi, nikaanza kusugua huku naimba, kiuno kikizunguka kidogo. Ukungu ukatoka, maji ya kahawia yakateremka mtaroni, na mawe yakawa meupe kama meno ya mtoto.

Asteria alipita na beseni la nguo. Akasimama, akaniita "wewe" kwa lugha ya kwetu.

"Bhebhe Ngusa, hayo si mzee alisema yasiguswe?"

Nilimjibu kwa kicheko. Akaenda kuanika nguo zake.

Ile video niliiweka stetasi nikiwa nimeandika "Dhahabu ya baharini". Bosi nilimficha asiione, sikuwa mjinga kiasi hicho. Watu walicheka sana. Marselino aliniandikia kutoka njiani: nitumie hiyo dogo, niwaonyeshe madereva. Nikamtumia. Kesho yake stetasi ilifutika yenyewe, nami nikaisahau.

* * *

Samaki wanne walifika Isaka wakiwa hai kwenye mifuko yenye hewa, ndani ya boksi la barafu. Nikawapakata kwenye bodaboda mpaka Kahama kama yai la mbuni. Nikaiacha mifuko ielee ndani ya tangi saa nzima ili maji yazoeane joto, hilo nililifanya sawasawa kabisa, kisha nikawaachia. Zahid mkorofi aliwafukuza wote wanne mpaka pembeni. Bibi alicheka mpaka machozi. "Hata mwenyewe yuko hivyo hivyo!"

Jioni ya kuamkia Idi nilimwomba Asteria anifutie kioo kwa nje, mimi nilikuwa nakwenda kunyoa. Alifuta kwa kitambaa kibichi, kwa nje, kama nilivyomwomba.

Mzee alirudi usiku uo huo. Aliwahesabu samaki kwa kidole mara mbili.

"Ngusa."

"Bosi."

"Hawa ni saba."

"Bibi alitaka wote, bosi. Hela ni yangu, zawadi ya Idi."

Alimwangalia mama yake, aliyekuwa amelala kitini anatabasamu usingizini. Uso wake ukalegea. "Umepima maji?"

"Nimepima. Njano kama kiini cha yai." Nilikuwa sijapima. Kile kichupa cha matone, maji yakibaki njano ni salama na yakigeuka kijani ni sumu, sikukigusa wiki nzima.

"Mbona mawe meupe?"

"Taa, bosi. Nimefuta taa."

Alikuwa amechoka na safari. Akanipiga begani, akaenda kulala. Mkono ule nilitembea nao begani mpaka asubuhi, nikidhani ni sifa.

Idi yenyewe nisikudanganye, ilikuwa nzuri. Saa nne simu ikaita, ikapachikwa kwenye kikombe, vichwa saba vikajipanga kwenye kioo chake, na Bibi akawa anawaonyesha mmoja mmoja kwa fimbo. Hata Kulsum alikuwepo. "Yule mweusi ndio mimi? Bibi, kwa nini?" Nyumba ikaangua kicheko. Asteria alileta biriani, na mzee akasema mbele ya watoto wake wote, "Huyu Ngusa ndiye aliyefanya." Nikainama kama mwanasiasa.

* * *

Siku ya pili ya Idi, wale wanne walikuwa juu juu, midomo inagusa uso wa maji, inafunguka na kufunga. Matumbawe yalikuwa yamejikunja mchana, taa ikiwa inawaka. Nikangoja mzee ashuke dukani, nikatoa kichupa, nikadondosha matone.

Maji yaligeuka kijani. Kijani cha kisamvu.

Yalikuwa masafi, ujue. Ungeweza kusoma gazeti kupitia tangi lile. Mwaloni maji mabaya yana tope, unayaona. Haya yalikuwa yanang'aa huku yanaua. Nikamwaga kichupa kwenye sinki, nikafungua bomba, nikaandika sifuri kwenye daftari la vipimo. Kisha nikabadilisha dumu moja la maji, moja tu, ndilo lililobaki.

Ningeshuka ngazi saa ile nikasema, "Bosi, nimeyasugua mawe," angepiga simu Isaka, yangepatikana madumu kumi jioni hiyo hiyo. Mvuvi wa Kunduchi alisema hivyo baadaye: wangepona wengi. Ngazi zenyewe ni kumi na nne. Nilizihesabu wiki ile mara nyingi kuliko nilivyopata kuhesabu kitu chochote.

Mehjabin alikufa kwanza, wa rangi ya chungwa. Bibi alimwona kabla yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Badru, piga simu kwa Mehjabin," na mzee akapiga, mtoto akatolewa darasani aje aseme haloo ili Bibi asikie anapumua. Siku ya tatu walikufa wawili, simu mbili. Siku ya nne, wawili. Siku ya tano Zahid alilala ubavu mchangani, mkia wa njano unatikisika polepole, na Bibi akaomba shali afunike uso.

Alibaki Kulsum peke yake. Mzee akamtoa, akamweka kwenye ndoo ya maji ya bahari aliyoazima hotelini, walikokuwa wameyaleta kwa ajili ya kamba wa kupika.

Juu ya tangi palikuwa na povu. Sasa najua kwamba maji yaliyooza hutoa povu. Mzee naye nadhani alikuwa anajua, lakini alikuwa hajalala siku tatu, na mama yake alikuwa amegoma kula. Alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Hii ni sabuni," alisema. Akageuka. "Nani aligusa hapa na sabuni?"

Asteria alikuwa mlangoni na uji wa Bibi. Mimi nilikuwa nimeshika wavu.

Na hapa sikudanganya. Nataka uone jinsi nilivyokuwa mjanja. Nilisema sentensi moja, ya kweli tupu, hata mbele ya hakimu ingesimama.

"Mama Luka alifuta kioo siku ile, bosi."

"Nilifuta kwa nje, Baba Zahid," Asteria alimwambia mzee.

"Kwa kitambaa gani? Kilete."

Alikileta. Mzee akakinusa. Kilikuwa kinanuka sabuni, kama kitambaa chochote cha kufutia kilichowahi kufuliwa Tanzania hii. Akamwambia alete beseni. Akanusa beseni. Akamwambia anyooshe mikono, na yule mama wa miaka arobaini na sita akainyoosha mbele yangu na mbele ya Bibi, viganja juu, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha. Mzee akainama akainusa.

"Sabuni," akasema.

"Ni mikono ya kazi, baba. Asubuhi nimefua."

"Asteria, nilikuamini." Miaka kumi na miwili alikuwa anamwita Mama Luka. Siku ile akamwita Asteria.

"Ngusa anajua nilivyofuta. Si ndiyo, Ngusa?"

Aliniangalia. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananipa nafasi, kama mtu anayekushikia mlango.

"Mimi nilikuwa kwa kinyozi," nikasema. Nayo ilikuwa kweli.

* * *

Alipofukuzwa nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikataka kumshikia begi.

"Liache."

"Mama Luka, hasira zikiisha atakuita, mzee namjua."

"Niliyaona mawe mimi, Ngusa. Nilisimama na beseni la nguo nikakwambia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mtu ananinusa kama mbwa wa bandarini, mimi nimwambie si mimi, ni yule? Ataona namsukumia mtoto. Mimi sisemi. Utasema mwenyewe. Mdomo unao, tena mkubwa."

Akapanda bodaboda ya kwenda stendi, begi mapajani. Hakugeuka.

Ndani ya nyumba hakuna aliyejua mahali pa kitu chochote. Mzee alileta msichana, akakaa siku mbili, mgongo ukamuuma, akaondoka. Baada ya hapo jirani mmoja alikuwa anakuja kumwogesha Bibi akimaliza kazi zake, wakati mwingine saa tano, wakati mwingine saa saba mchana. Mimi mwanaume sikuweza. Bibi alikuwa anakaa na nguo za jana, anasubiri, shali amejifunika mpaka pua, na mgeni akigonga anasema, "Mwambie nimelala." Nilipomnyanyua kumweka kitini nilimbana mbavu. Alisema, "Asteria alikuwa anaanza na mguu wa kushoto."

Nilijaribu kusema. Kuna asubuhi nilishuka dukani nimejipanga kabisa, maneno nimeyapigia pasi. Palikuwa na wachimbaji wawili wa Nyarugusu wanabishania pampu. Mzee akaniuliza, "Unasemaje?" Nikafungua mdomo, kikatoka kichekesho. Kuhusu Kulsum, kwamba sasa ndoo nzima ni yake, karithi. Wale wachimbaji walicheka. Mzee naye alicheka, mara ya kwanza toka Idi, akanipa soda. Niliinywa nyuma ya nyumba karibu na bomba, pale pale. Kwenye mtaro kulikuwa bado na vipande vya ukungu wa kahawia vimekaukia.

Jumapili Luka alinipigia.

"Kaka Ngusa, shikamoo. Eti mama kaua samaki?"

"Nani kakwambia?"

"Watu. Mama mwenyewe hasemi. Anauza maandazi pale njia panda, kwetu Bukombe. Nimemuuliza kafanya nini, anasema hajui. Kaka, wewe si ulikuwepo? Kweli ametia sabuni?"

"Mambo ya samaki magumu, Luka."

"Chuo wamesema ada mpaka mwisho wa mwezi. Nikikosa nawaachia kitanda. Ungeongea na mzee, kaka. Wewe anakusikiliza."

Nikasema nitaongea. Shikamoo yake nilikuwa sijaiitikia; nilikumbuka baada ya simu kukatika.

* * *

Mzee aliamua kuanza upya. Yule mvuvi wa Kunduchi alimfundisha kwa simu: maji mapya, mawe mapya yaliyokuja yakiwa yamelowa, na tangi likae wiki sita bila samaki hata mmoja, kichupa kikipimwa kila siku mpaka kijani kije na kiondoke chenyewe. Halafu Kulsum peke yake. Halafu, baada ya wiki tano, mwingine.

"Safari hii haraka hakuna," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeniomba radhi kwa kunisumbua. "Nakutegemea wewe."

Marselino alileta mzigo mwenyewe, maana lori lilikuwa linasubiri kontena Isaka. Alikuwa hajawahi kupanda kule juu. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa, akamtazama Kulsum kwenye ndoo, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatua boksi la mawe miguuni pangu. Mawe yalikuwa yamefunikwa magazeti yaliyolowa, yananuka pwani, machafu kupita yale ya kwanza.

"Haya, dogo," alisema akinicheka. "Haya nayo usije ukayasugua!"

Mzee alikuwa anafungua dumu. Mkono ukasimama kwenye kizibo.

"Kwani alisugua yapi?"

"Si yale ya mwanzo? Ile video, mzee. Madereva Isaka nzima wanaijua. Anavyokata kiuno!"

"Marselino," nikasema, "hilo dumu linavuja chini, nadhani."

Hakuna aliyeangalia dumu.

"Video gani?" mzee akauliza.

"Ah." Marselino alinitazama, akamtazama mzee, na nikaona usoni kwake kwamba ameelewa kitu lakini hajui ni kitu gani. "Ni utani tu, mzee. Mambo ya vijana."

"Nipe mimi," Bibi Nurjahan alisema kutoka kitini.

Alinyoosha mkono. Mtu hawezi kumnyima mama kama yule kitu alichokinyooshea mkono. Marselino aliitafuta, akambonyezea, akampa.

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, kwa hiyo niliiona begani kwa Bibi. Mgongo wangu. Brashi. Maji ya kahawia yanakimbilia mtaroni. Naimba vibaya. Kisha sauti kutoka pembeni, ya mtu asiyeonekana: "Bhebhe Ngusa, hayo si mzee alisema yasiguswe?" Na mimi nikageuka kwenye kioo kidogo, meno yote nje, brashi juu kama kombe la mpira, nikasema, "Mama Luka, katika Kahama nzima, nani anajua maji kama mimi?"

"Haya," ile sauti ikajibu. "Mimi nimesema." Zikasikika kandambili zake zikienda zake. Video ikaisha.

Mzee hakunitazama. Alikwenda kukaa kwenye kochi, akaweka viganja vyake juu ya magoti, akaviangalia, halafu akavipeleka puani taratibu kama mtu asiyejua anachokifanya.

"Rudisha," Bibi alisema.

Marselino akairudisha. Tukaisikiliza tena wote wanne. Bibi akaomba mara ya tatu, na ilipofika kwenye sauti ya Asteria akainua kidole, ikasimamishwa.

"Ngusa, namba yake unayo?"

"Ninayo, Bibi."

"Piga. Weka kwa sauti tusikie."

Nikapiga. Iliita mara moja, mara mbili, mara tatu, na nikaomba asipokee, Mungu anajua niliomba. Ikapokelewa. Kulikuwa na kelele za njia panda, mafuta yakichacharika kwenye karai, na mtu anaulizia maandazi mawili.

"Ngusa," sauti ya Asteria ikajaa sebule nzima. "Haya niambie. Umesema mwenyewe?"

Wote watatu wakanigeukia, wakisubiri nimjibu.